Wageni wakiondoka bibi analia: je, waache kuja?

SWALI: Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani hapa Brooklyn, New York. Bibi ninayemhudumia ana miaka 91, ni Myahudi mzaliwa wa Odesa, Ukraine, na miguu imemfunga: hajashuka ngazi za jengo lake kwa muda mrefu sasa. Kuna watu wa kujitolea wanaokuja kumtembelea. Mmoja mwanafunzi wa chuo, mwingine mzee mstaafu, na sikukuu zikikaribia huja familia na watoto wao wakileta kifurushi. Wakiwapo anachangamka hadi simtambui. Wakiondoka analia, na kesho yake hali chakula vizuri. Binti yake aliyeko California ananiuliza kama si afadhali wasije kabisa. Nami nilikuwa nafikiria kuiandikisha familia yangu katika kazi hiyohiyo ya kujitolea: binti yangu wa miaka 15, mdogo wake wa miaka 9, na mama mkwe wangu wa miaka 68. Je, watu hawa wanamsaidia bibi au wanamuumiza?

JIBU: Dada yangu, wasiache kuja. Lakini machozi hayo yasipuuzwe, na binti yake hakosei kuyatilia maanani. Yanaonyesha kwamba kuna jambo la kurekebishwa katika namna wageni wanavyokuja, na wewe unayeshinda naye unaweza kulirekebisha kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka 1976 mtafiti wa Marekani, Richard Schulz, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila anayeratibu watu wa kujitolea anapaswa kulijua. Aliwachukua wazee 40 wa makao ya wastaafu, akapeleka wanafunzi wa chuo kuwatembelea kwa muda wa miezi miwili hivi. Kundi la kwanza la wazee liliachiwa liamue lenyewe mgeni aje lini na akae muda gani. La pili halikuamua, ila liliambiwa mapema mgeni atafika lini. La tatu lilitembelewa kwa kiasi kilekile, lakini mgeni alijitokeza tu mlangoni bila taarifa. La nne halikutembelewa. Wazee wa makundi mawili ya kwanza walionekana kuwa na afya njema zaidi, furaha zaidi na shughuli nyingi zaidi. Wale wa wageni wa kushtukiza hawakuwa na tofauti ya maana na wale ambao hawakupata mgeni hata mmoja.

Fikiria uzito wa hilo. Kilichowasaidia wale wazee ni kujua kwamba mtu atakuja, na lini. Mzee anayejua kuwa Jumatano saa nne asubuhi kuna mtu anakuja huanza kufaidika tangu Jumatatu: anachagua nguo, anakumbuka jambo la kusimulia, anakuuliza kama sukari ipo. Asiyejua hana cha kungojea, na mgeni akishatoka, mlango unakuwa umefungwa bila tarehe.

Schulz na mwenzake Barbara Hanusa walirudi kuwaangalia wazee wale miaka miwili na zaidi baada ya ziara kwisha. Waliokuwa wamenufaika zaidi ndio walioporomoka zaidi. Walizoeshwa kungojea mtu, kisha mtu akaacha kuja. Naisimulia sehemu hii kwa kila anayekuja kuandikishwa kutembelea wazee, na wapo wanaobadili nia baada ya kuisikia. Siwalaumu. Ni heri mtu akatae leo kuliko atoweke baada ya miezi mitatu.

Sasa mtazame bibi yako. Yule mwanafunzi ana siku maalumu, au huja akipata nafasi? Mzee mstaafu akiaga husema nini? Na zile familia za sikukuu, ni zilezile kila mwaka au kila mara sura mpya? Nina dhana kwamba ukijibu maswali hayo matatu utajua machozi yanatoka wapi.

Anza na kalenda. Tafuta kubwa, itundikwe mahali anapoweza kuisoma akiwa ameketi, na siku za wageni ziandikwe kwa Kirusi, kama ndiyo lugha aliyokulia, kwa wino mzito, pamoja na jina la anayekuja. Waombe wageni wote, kabla ya kuvaa makoti, wasimame naye mbele ya kalenda hiyo na kuonyesha kwa kidole siku watakayorudi. Kama hawajui watarudi lini, waseme watapiga simu siku gani kumjulisha. Kisha mpe bibi haki ya kukataa. Akisema wiki hii hataki mgeni, mgeni asije, na asinune. Mtu ambaye wengine wanampangia saa ya kula, kuoga, kumeza dawa na kulala anahitaji kuwa na jambo moja linalofuata amri yake.

Kuhusu vifurushi vya sikukuu nina msimamo wangu, na wapo wenzangu wasiokubaliana nami. Shirika la DOROT la Manhattan, lililoanzishwa mwaka 1976, limekuwa likituma watu wa kujitolea wa kila umri, wakiwemo wazazi na watoto wadogo, kupeleka vifurushi kwa wazee wakati wa Rosh Hashanah (mwaka mpya wa Kiyahudi), Hanukkah (sikukuu ya taa) na Pasaka ya Kiyahudi. Kazi hiyo ni nzuri, na kwa watu wengi ndiyo inayowafungulia mlango wa urafiki wa miaka. Lakini kwa mzee mpweke sana kama bibi yako, mgeni wa mara moja asiyerudi anaweza kuacha pengo kubwa kuliko alilolikuta. Ningependa familia inayomletea kifurushi iwe ileile kila sikukuu. Na kama haiwezekani, watoto wafundishwe kutosema “tutakuja tena” kwa ajili ya adabu tu. Bibi anayakumbuka maneno hayo.

Huenda unajiuliza kwa nini mashirika ya Kiyahudi yanaishughulikia kazi hii kwa bidii namna hii. Kumtembelea mgonjwa, bikur holim kwa Kiebrania, ni wajibu wa dini kwao, na Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, imeujadili kwa kina. Katika sehemu iitwayo Nedarim inasemekana kwamba anayemtembelea mgonjwa anamwondolea sehemu moja ya sitini ya maumivu yake. Hapo hapo kuna kisa cha Rabi Akiva, aliyekwenda kumwona mwanafunzi wake mgonjwa ambaye wakubwa wengine hawakumjali. Kwa kuwa Akiva alifika, sakafu ikafagiwa na kunyunyiziwa maji, na mgonjwa akamwambia, “Umenihuisha.” Sisi tuliolelewa na “mgeni njoo, mwenyeji apone” hatuhitaji kutafsiriwa hapo. Na angalia kilichotendeka: hakuna muujiza uliofanyika. Sakafu ilifagiwa.

Kisa kingine cha Talmudi, katika Taanit, nakitumia zaidi ninapofundisha. Mwanazuoni aitwaye Honi alilala miaka 70. Alipoamka aliingia nyumba ya masomo, akawasikia wanazuoni wakisema kwamba somo la siku ile limeeleweka vizuri kama enzi za Honi, aliyekuwa akitatua kila shida yao. Akasema, “Honi ndiye mimi.” Hawakumwamini, wala hawakumpa heshima aliyostahili. Akaomba rehema, akafa. Na Rava, mmoja wa marabi wa Talmudi, akaongeza msemo wa watu: ama wenzi, ama mauti. Honi hakukosa chakula. Alikosa watu wa kuipokea elimu aliyokuwa nayo.

Hapo ndipo penye sababu ya pili ya machozi. Ukiwaangalia wageni wa bibi utaona wote wanakuja kumpa: kifurushi, kadi, wimbo, saa moja ya muda wao. Yeye anapokea na kusema ahsante. Mtu aliyelea watoto, akafanya kazi, akahama nchi na kuanza maisha upya katika lugha ya kigeni, anageuzwa kuwa wa kupokea tu kwa miaka yake yote ya mwisho. Hilo linachosha roho kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia yako ni huu: kila mmoja aende kwa mzee akiwa na jambo analolihitaji kutoka kwake. Liwe jambo la kweli, kwa sababu wazee wanatambua upesi wanapofanyiwa maigizo.

Binti yako wa miaka 15, kwa mfano, aombe kufundishwa herufi za Kirusi. Zipo 33, na kwa herufi tatu kila wiki kazi hiyo ina mwanzo, mwisho na mazoezi ya nyumbani ambayo mwalimu atayakagua. Kuna faida nyingine hapo. Umri ukienda, na hasa ugonjwa wa kusahau ukianza, lugha ya pili mara nyingi hupotea kabla ya lugha ya utotoni. Inawezekana Kiingereza cha bibi kinampa tabu kuliko anavyokiri, na kuongea saa nzima na mwanafunzi kwa lugha hiyo ni kazi ngumu. Hata huko kutokula kesho yake huenda ni uchovu tu, ingawa naomba umweleze muuguzi wake pia, kwa sababu mzee anayeacha kula hatuachi kumchunguza kwa kudhani ni huzuni.

Vijana wa rika la binti yako wanaweza kufanya mengi hata kwa simu. Wakati wa janga la korona, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin waliwafundisha vijana 16 wa umri wa miaka 17 hadi 23 kuwapigia simu watu wasiotoka nyumbani, wengi wao wazee, waliokuwa wakiletewa chakula. Waliohusika walikuwa 240, nusu wakipigiwa na nusu la. Wiki ya kwanza walipigiwa kila siku, kisha mpigiwa mwenyewe akaamua anataka mara ngapi kwa wiki, na kijana alifundishwa kumwacha yeye aongoze mazungumzo. Baada ya wiki nne tu, upweke, sonona na wasiwasi vilikuwa vimepungua kwa waliopigiwa kulinganisha na wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Simu zenyewe nyingi zilikuwa fupi, dakika kumi hivi. Ona tena neno lilelile: mzee ndiye aliyeamua.

Huyu wa miaka 9 usimwogope. Wazazi wengi huhofia kwamba mtoto atamchosha mzee, na kweli mtoto asiye na la kufanya atamchosha kila mtu. Mpe mchezo. Wazee waliokulia Urusi na Ukraine wengi wanajua durak, mchezo wa karata wa watu wawili au zaidi, na mtoto wa miaka 9 anaujua baada ya michezo michache. Atashindwa mara nyingi mwanzoni, na bibi atafurahi kumshinda. Mtoto ana kipaji ambacho sisi wakubwa tumekipoteza: haoni haya kuuliza kwa nini mkono unatetemeka, akishajibiwa anaendelea na karata. Nusu saa inamtosha. Akianza kuzungukazunguka chumbani, muda umekwisha. Na amwamkie kwa shikamoo. Mfundisheni bibi kuitikia marahaba, mweleze kwamba kwetu salamu hiyo hupewa mtu aliyetuzidi umri, nawe utaona atakavyoidai siku mtoto akisahau.

Mama mkwe wako ndiye ninayemtarajia zaidi, ingawa pengine yeye ndiye anayejiona hafai kwa sababu ya lugha. Ule mjadala wa moja ya sitini unaendelea: mtu aliuliza, basi si waingie watu sitini mgonjwa apone? Jibu likawa kwamba hesabu haiendi hivyo, na tena mgeni awe ben gilo, ambalo wafasiri wengi wamelielewa kuwa mtu wa rika lake. Baina ya miaka 68 na 91 kuna tofauti, lakini wote wawili wamezika watu, wote wameacha nchi ya kwao, na wote wanajua magoti yanavyouma baridi ikiingia. Waketishe na chai ya rangi, ambayo huko alikotoka bibi hunywewa kwa jamu ya matunda pembeni. Wape kazi ya mikono, iwe kufuma au kuchambua choroko. Ukimya wa watu wawili wanaofanya kazi pamoja una ushirika ndani yake, na hauhitaji mkalimani.

Lakini usiwapeleke kwa bibi huyuhuyu kabla ya kuzungumza na waliokuajiri. Wewe unalipwa kumtunza, na kampuni nyingi za kazi yako zinakataza mtumishi kuleta jamaa zake kwa mteja, kwa sababu zinazoeleweka. Omba ruhusa kwa maandishi, kwa kampuni na kwa binti yake. Ukikataliwa, waandikishe kwenye shirika linaloratibu wageni, wapangiwe mzee mwingine, maana New York haina upungufu wa wazee wanaongojea. Shirika zuri litawahoji, litachunguza rekodi za watu wazima, litataka mtoto aende na mzazi, na litawaomba muahidi kipindi kirefu. Lisilouliza chochote mliepuke. Na kwenu nyote: msipokee fedha wala vito, msishike kadi ya benki, msigawe dawa hata mkiombwa kwa upole.

Kuna mambo machache ya nyumba ya Kiyahudi ambayo wageni wako wayajue. Usipeleke chakula ulichopika kabla hujauliza kama nyumba inafuata kosha, yaani sheria za Kiyahudi za vyakula. Tunda zima, lisilokatwa, mara nyingi halina tatizo. Siku za Pasaka yao mkate na mandazi visiingie kabisa. Katika nyumba inayoshika Sabato simu haipokelewi kuanzia kabla ya jua kuzama Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi, kwa hiyo asiyejibiwa asihofu, na apige Ijumaa mchana. Hata hivyo usidhani. Wayahudi waliokulia chini ya utawala wa Kisovieti, ambao ulibana dini kwa miongo mingi, wengi hawakulelewa katika sheria hizi, na wengine walizirudia uzeeni. Muulize yeye. Swali hilo pekee linaweza kujaza saa nzima.

Na sasa jambo zito. Mzaliwa wa Odesa mwenye miaka 91 alikuwa mtoto wa miaka sita au saba wakati majeshi ya Rumania na Ujerumani yalipouteka mji ule Oktoba 1941 na maelfu kwa maelfu ya Wayahudi wakauawa katika siku zilizofuata. Waliosalimika wengi walikuwa wamehamishiwa mashariki mapema, hadi Uzbekistan, au walipita katika makambi na maficho. Sijui yeye alikuwa wapi, na wageni wake wasiulize. Akitaka kusimulia, asikilizwe hadi mwisho bila kukatizwa na bila kufarijiwa haraka. Mwanao wa miaka 9 asiwepo. Wasibishe hodi kwa kishindo. Wapige simu wakiwa chini na kutaja majina. Ukikuta mkate umefichwa chini ya mto, usimwaibishe. Kwa manusura wengi mambo hayo hurudi uzeeni, baada ya miaka mingi ya kufunikwa na kazi na malezi. Yapo mashirika yenye ujuzi maalumu wa manusura, kama Selfhelp, lililoanzishwa New York mwaka 1936 kuwasaidia waliokimbia Ujerumani ya Wanazi, na unaweza kumwomba binti yake awasiliane nao.

Usinielewe kwamba wageni watamaliza upweke wake. Tafiti za urafiki wa kujitolea kwa jumla zinaonyesha nafuu ya kiasi tu, na nisingependa mtu akuahidi zaidi. Kama anawalilia mumewe na rafiki zake waliofariki, hakuna mwanafunzi wa chuo atakayeziba nafasi hiyo, na machozi mengine ni haki yake. Unachotafuta ni kitu kidogo kuliko hicho: wiki iwe na siku zinazojulikana, na katika siku hizo kuwe na mtu anayemhitaji.

Ukimwandikia binti yake, usianze na wageni. Anza na yeye mwenyewe, kwa heshima, maana huenda anapiga simu akipata nafasi, mara tatu wiki moja na kisha kimya wiki mbili, bila kujua mama anaishika simu mkononi tangu asubuhi. Mwombe achague saa moja asiyoikosa. Jumapili saa kumi jioni kwenu Brooklyn ni saa saba mchana kwake California. Muda huo wote wawili wako macho na hawana haraka. Akishakubali, iandike kwenye kalenda kwa Kirusi juu ya majina mengine yote, halafu mwambie kila Jumapili amwombe mama yake ushauri wa jambo moja, dogo au kubwa, na Jumapili inayofuata amweleze aliufuataje.